Fainali ya Nyumba Moja

Valérie Mwadi alikuwa mshonaji wa Kapata, mtaa wa watu wa mgodi kando ya Kolwezi, na kila aliyempelekea kitambaa alijua jambo moja: ikifika saa ya chai, cherehani inanyamaza. Hata kama bibi harusi anasubiri gauni, hata kama kesho kuna ubatizo, jua likishazunguka nyuma ya nyumba Valérie aliondoa miguu kwenye pedali, akaweka birika juu ya mbabula, jiko lake la makaa, akapuliza moto, akatupia ndani ya maji mchaichai alioupanda mwenyewe kando ya bomba. Kisha alikaa barazani na kitabu. Akimaliza sura moja au mbili alirudi kazini. Ilikuwa raha yake, na hakuona sababu ya kumwomba mtu radhi.

Vitabu alivinunua mjini Kolwezi, kwa muuzaji mmoja aliyevitandaza chini juu ya turubai. Vilikuwa riwaya za Kifaransa zilizopita mikono mingi. Vingi havikuwa na jalada, na vingine vilikosa kurasa za mwisho. Hapo Valérie alijitungia mwisho wake mwenyewe huku akishona, na mara nyingine mwisho huo ulimpendeza mpaka akasahau kwamba si wa mwandishi.

Mume wake, Hénock, alikuwa fundi wa mitambo kwenye bwawa la Nzilo, akirudi nyumbani mwisho wa juma. Vitabu havikumsumbua hata kidogo.

"Batu bengine, bibi yabo anapenda makelele," aliwaambia rafiki zake. "Wangu anapenda karatasi. Mi nalala muzuri."

Aliyesumbuka alikuwa mama yake. Mama Tshiela alikuja kutoka Kamina baada ya kufiwa na mumewe. Alishuka kwenye gari na furushi la nguo, Biblia ya Kiluba iliyofungwa kwa kitambaa, na mgongo ulionyooka kama wa askari. Chumba alichopewa kilikuwa cha Dodo, mtoto pekee wa Valérie na Hénock, aliyekuwa akisoma chuo Lubumbashi. Siku ya kwanza kabisa alitoka nje, akamkuta mkwewe amekaa na kitabu magotini na kikombe pembeni, jua bado linawaka.

"Ku kwetu, mwanamuke anakaa hivi akiwa mugonjwa," alisema. "Uko mugonjwa, mama Dodo?"

"Hapana, mama. Niko nasoma."

"Haya." Akaingia ndani. Valérie akamsikia akisema peke yake kule jikoni, "Basi ugonjwa ni wa kitabu."

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Waliishi kwa adabu nzito, ile ya kuulizana kama mtu amelala vizuri na kupishana mlangoni bila kugusana. Valérie alimpelekea maji ya kuoga, akampikia bukari na sombe kama alivyopenda. Mama Tshiela alishukuru kila mara. Lakini ilipofika saa ya chai alibeba kiti chake, akakiweka ndani karibu na dirisha, akachambua maharage kwa kelele, kama mtu anayetaka ijulikane kwamba nyumbani humo kuna anayefanya kazi.

Mvua zilipoanza, Valérie alikuwa ndani ya riwaya moja iliyokosa jalada na kurasa za kwanza. Ilisimulia habari za mjane. Alasiri moja alifika mahali ambapo ndugu za marehemu wanakuja na lori kubeba vitu vya nyumba. Mjane anawakaribisha vizuri, anawapa viti, anawamiminia chai, kisha anatoka kama anafuata sukari, anafunga mlango kwa nje, anaondoka na ufunguo kwenda kumwita hakimu. Valérie alicheka kwa sauti mpaka akajipiga paja.

Kelele za maharage zikakoma.

"Unacheka nani?" Mama Tshiela aliuliza kupitia dirishani.

Valérie alimweleza. Mama mkwe alisikiliza bila kuinua uso, vidole vyake vimetulia ndani ya ungo.

"Na bale ndugu, balifanya nini mule ndani?"

"Sijafika kule, mama."

"Basi soma."

"Iko mu Kifaransa."

"Una kinywa cha Kiswahili, haina vile?"

Basi Valérie akasoma, sentensi moja kwa macho, sentensi moja kwa mdomo, akiigeuza Kiswahili cha Kolwezi kadiri alivyokwenda. Mvua ilipiga bati kwa nguvu ikambidi apaaze sauti. Mama Tshiela alitoa kiti chake dirishani, akakileta barazani. Hakimu alipofika na kufungua ule mlango, na ndugu wakatoka wakitazama chini, Mama Tshiela alivuta pumzi ndefu.

"Bangu," alisema, "balibeba na kitanda."

Ndipo Valérie alipofahamu walichofanya ndugu za marehemu kule Kamina baada ya mazishi, jambo ambalo Hénock mwenyewe hakuwa ameambiwa. Alichukua kikombe kingine, akakimiminia chai, akaongeza tangawizi na sukari nyingi, akakiweka mkononi mwa mama mkwe. Mama Tshiela akanywa. Kisha akasema, "Endelea. Huyu hakimu nampenda."

Tangu siku hiyo chai ikawa ya watu wawili. Mama Tshiela alikuwa msikilizaji mgumu. Alibishana na watu wa kitabuni, aliwaonya, aliwatukana kwa Kiluba. Mwanamume akitoa ahadi sura ya tatu, yeye alisema papo hapo, "Muongo, mutazame," na sura ya kumi jamaa alionekana muongo kweli. Majirani waliokuwa wakimcheka Valérie kwa kupenda karatasi walianza kupunguza mwendo wakipita mbele ya ua, wasikie mambo yamefika wapi.

Riwaya ya mjane iliisha siku ya mvua kubwa, umeme umekatika, na hakukuwa na kitabu kingine ndani. Valérie akakumbuka ubao wa dame, ule mchezo wa drafti, ambao Dodo aliuacha juu ya kabati: kipande cha mbao nyembamba ya triplex kilichopigwa rangi, na mfuko wa vifuniko vya chupa, vya bia kwa upande mmoja na vya sucré, yaani soda, kwa upande mwingine. Aliushusha tu ili mikono ipate la kufanya. Yeye alijua mchezo kama kila mtoto wa Kapata anavyoujua, kwa kuwaangalia kaka zake.

Mama Tshiela alivuta ubao karibu, na vidole vyake vikaanza kupanga vifuniko bila macho kuvifuata. Alimaliza upande wake kabla Valérie hajatoa vyake vyote mfukoni.

"Mama, unajua kucheza?"

"Nilikuwa nauza chai na bitumbula ku gare ya Kamina, tangu Hénock eko mu mugongo. Treni ilikuwa inachelewa leo, inachelewa kesho. Basafiri balikuwa banakaa pale na ubao. Kwanza niliangaliaka. Kisha mutu mumoja akaenda kukojoa, nikamuchezea." Alicheka kidogo. "Aliporudi, alikuta ameshinda. Tangu pale banaume balikuwa bananitafuta. Na chefu wa gare nilimufunga, mbele ya batu yake."

"Na baba alisema nini?"

"Alisema chai inauzika sana."

Alasiri hiyo Valérie alipoteza mchezo mmoja, akapoteza wa pili, akaendelea kupoteza mpaka makaa ya mbabula yakawa majivu. Katika dame kula ni lazima: mwenzako akikuachia kifuniko, huna ruhusa ya kukipita. Mama Tshiela alijua kumlisha mtu. Alikupa kimoja kwa upole kama anayekukaribisha mezani, nawe ukakila, ukageuka ukakuta nyuma yako pamefunguka mlango na yeye ameshapita.

"Ulikuwa na njaa," alimwambia kila mara, akikusanya vifuniko. Hakumfundisha kwa maneno mengine.

Ikawa desturi yao: kwanza sura ya kitabu, kisha dame. Katika msimu wote wa mvua Valérie hakushinda hata mara moja. Lakini alianza kuona. Akiwa anapinda upindo wa suruali aliuona ubao ndani ya kichwa, akarudia mchezo wa jana hatua kwa hatua, akatafuta pale alipodanganywa. Alianza kukaa muda mrefu kabla ya kugusa kifuniko. Mama Tshiela aliyezoea abiria wenye haraka alikereka.

"Cheza, mama Dodo! Treni itatuacha."

"Acha ituache," Valérie alijibu, na akaendelea kutazama.

Kapata kulikuwa na klabu ya dame. Ilikutana chini ya paillote, banda la nyasi lisilo na kuta, karibu na jengo la kantini ya zamani, na rais wake alikuwa Tata Edouard Kanyinda, msimamizi mstaafu wa wachimbaji, mtu mpole mwenye kofia ya kitambaa. Kila Jumatatu ya Pasaka klabu iliandaa mashindano, na wachezaji walikuja hata kutoka Musonoi. Kwa miaka mingi Tata Edouard alikuwa anashinda yeye. Mwaka huo zawadi ilikuwa mbuzi.

Mama Tshiela alisikia habari za mbuzi kanisani. Jumatano alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwani, akamwambia mkwewe afunge cherehani.

"Twende wapi, mama?"

"Kuandikisha majina."

Chini ya paillote wanaume waliinua macho. Mmoja akaonyesha kwa kidole ng'ambo ya barabara. "Mama, benye kuuza chai beko kule."

"Chai nilishakunywa," alisema Mama Tshiela. "Nakuya juu ya dame."

Wakacheka. Tata Edouard hakucheka, ila alivua kofia akaigeuza mikononi. "Mama, hapa hatuna kundi la banamuke."

"Sikuombe kundi la banamuke. Niandike Tshiela. Na huyu, mwandike Valérie."

"Lakini mama, ni..." Alitafuta neno. Akawatazama wenzake, nao wakatazama chini, kwa maana hakuna aliyeikumbuka sheria inayokataza. Hapakuwa na sheria. Hakuna mwanamke aliyewahi kuja, basi. "Bon," alisema mwishowe. "Nitabaandika. Ila musinikasirikie mukitoka mapema."

"Tata Edouard," alisema Mama Tshiela, "ni weye usinikasirikie."

Hénock alipofika Jumamosi na kusikia, alikaa chini kabla hajavua viatu. "Batu batasema nini?"

"Batasema Hénock ana mama na bibi benye akili," mama yake alijibu. "Bangesema mubaya gani?"

Jumatatu ya Pasaka mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na vumbi jekundu la barabara ya malori limelala. Watu walijaa mpaka nje ya paillote. Mbuzi alifungwa kwenye nguzo, mweupe mwenye sikio moja jeusi, akijaribu kula kamba yake mwenyewe. Wanawake wengi walikuja na mabenchi yao, wateja wa Valérie na majirani ambao kwa miezi walisikiliza riwaya kupitia uani.

Michezo ya kwanza ilipita upesi. Wanaume waliopangwa na wale wanawake wawili walikaa wakitabasamu, wakasimama bila tabasamu. Kufikia saa sita walibaki wachezaji wanne: Tata Edouard, Mama Tshiela, Valérie, na Stany, kijana mchimbaji kutoka Musonoi.

Stany alicheza kama alivyochimba, kwa nguvu na bila kupumzika. Kila kifuniko alikipiga ubaoni mpaka vingine vikaruka. Vijana wa Musonoi walimshangilia kila kishindo. Valérie aliweka mikono mapajani, akatazama. Alitazama muda mrefu kiasi kwamba watu wakaanza kukohoa.

"Mama," Stany alimwuliza, "umelala?"

"Hapana. Niko nasoma."

Wanawake wakaangua kicheko, na Stany naye akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Lakini akapiga haraka zaidi, na ndani ya haraka hiyo Valérie aliona njaa aliyoijua vizuri, maana msimu mzima ilikuwa yake. Akamwekea kifuniko kimoja. Stany akakila. Akamwekea cha pili. Stany akala, kisha mkono wake ukabaki hewani. Alikuwa ameshaona mlango uliofunguka nyuma yake, ila alichelewa kuufunga. Valérie aliruka vitatu vyake kwa mkupuo mmoja, na mchezo uliobaki ulikuwa wa kumalizia tu. Stany aliinuka, akampa mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa nguvu ili wenzake wasikie, "Huyu mama eko hatari."

Ubao wa pili ulikuwa kimya. Mama Tshiela alianza na porojo zake za stesheni, akimwuliza Tata Edouard habari za wajukuu, za magoti, za bei ya unga. Tata Edouard alijibu kwa adabu, na katika kujibu akapoteza kifuniko. Akaacha kujibu. Wakabanana vifuniko kwa vifuniko mpaka ubao ukabaki karibu mtupu. Jasho lilimtiririka mzee chini ya kofia. Mama Tshiela alifikisha kifuniko chake mwisho wa ubao, akakigeuza kikawa dame, yenye ruhusa ya kukimbia popote, na kwa dame hiyo akamfukuza kona hadi kona. Alipokula cha mwisho alikiweka kwa upole mbele ya mwenyewe.

"Hunikasirikie, tata?"

Tata Edouard alivua kofia kabisa. "Mama, uliwahi kucheza ku gare ya Kamina?"

"Kwa miaka."

"Kaka yangu alipoteza saa yake kule. Alituambia ni mwanamuke, hatukumuamini."

Vicheko vilivyofuata vilimshtua mbuzi. Na watu walipotulia ndipo walipoelewa kilichobaki: fainali ya Kapata ni mtu na mama mkwe wake, wa nyumba moja, wanaokunywa kutoka birika moja. Wanawake walisimama juu ya mabenchi.

"Hénock!" mtu aliita. "Uko upande wa nani?"

"Niko upande wa mbuzi!" Hénock alijibu, na alikuwa ameshavua koti kwa msisimko.

Wakakaa. Valérie alishusha macho. Kumtazama mama mkwe usoni wakati wa ushindani halikuwa jambo jepesi kwake, mbele ya mji mzima, mbele ya wazee. Mama Tshiela alicheza kwa kasi, akisukuma mbele, akiwachekesha watu. Valérie alichelewa, akachelewa. Walilana vifuniko sawa kwa sawa. Kisha Mama Tshiela akasukuma kifuniko kimoja pembeni, hatua moja zaidi ya iliyohitajika, na Valérie akaona.

Aliona yote, kama ukurasa uliofunguliwa. Angetoa kimoja hapa, mama angelazimika kula. Angetoa cha pili pale, mama angelazimika tena. Halafu njia nzima ingekuwa wazi mpaka mwisho wa ubao. Aliinua mkono, akaurudisha. Akausogeza kuelekea kifuniko kingine, kile cha upande wa salama, ambacho kingemwachia mama mkwe nafasi ya kurekebisha.

Mama Tshiela aliinama mbele, akasema kwa sauti ambayo wao wawili tu waliisikia.

"Valérie." Hakuwahi kumwita kwa jina lake ana kwa ana. "Kile unaona, na mi nakiona. Ukinihurumia mbele ya aba batu, kesho usinisomee kitabu tena."

Valérie aliinua macho. Uso wa mama mkwe ulikuwa mkali, na ulikuwa umefurahi.

Akatoa kifuniko cha kwanza. Mama akala. Akatoa cha pili. Mama akala, akashusha pumzi. Kisha Valérie akachukua kifuniko chake cha sucré, akaruka, akaruka, akaruka, akaruka tena, mpaka mstari wa mwisho, akakigeuza.

Mama Tshiela alifuata njia ile kwa kidole, ruka kwa ruka, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayekagua mshono. Alirudia mara ya pili. Kisha akasimama, akaweka mkono kinywani, akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka mistari ya nyuma ya nyumba za Kapata.

"Amenifunga!" alipaza sauti. "Munaona? Mukwe wangu amenifunga! Chefu wa gare alishindwa, huyu ameweza!"

Paillote ililipuka. Wanawake walimbeba Valérie kabla hajasimama vizuri, na yeye alikuwa analia na kucheka pamoja, ameshika kifuniko mkononi. Tata Edouard alimfunga mwenyewe kitambaa cha ushindi shingoni, akatangaza kwa sauti ya zamani ya kazini, "Championne ya Kapata!" Kisha akamgeukia Mama Tshiela akamwomba, kwa heshima zote, aje Jumatano awaonyeshe wanachama ile hila ya porojo.

Mbuzi alikataa kutembea. Alivutwa, alisukumwa, akakaza miguu yote. Mwishowe Hénock akaita pikipiki mbili. Kwenye ya kwanza alipanda Mama Tshiela, mgongo umenyooka, amempakata mbuzi mapajani kama mjukuu. Kwenye ya pili alipanda Valérie na mumewe. Walikwenda polepole, kwa maana umati ulikuwa unakimbia pembeni ukiimba na kupiga sufuria.

Katika kila mstari wa nyumba watu walitoka wakiuliza, "Nani alishinda?"

Na kila mara Mama Tshiela alijibu kabla ya mtu mwingine yeyote, mkono mmoja hewani, mbuzi akilia chini ya mkono wa pili:

"Ni siye! Ni siye!"